Nani Huishi Wapi Chini ya Bahari za Barafu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Naomba tuanze chini ya maji. Kwenye ukingo wa Bara la Antaktiki, upande unaotazamana na New Zealand, kuna mlango wa bahari uitwao McMurdo Sound, wenye upana wa kilomita hamsini hivi. Mwaka 1977 wanasayansi wawili wa Marekani, Paul Dayton na John Oliver, walichapisha hesabu ya wanyama waliowakuta katika tope la pande mbili za mlango huo. Upande wa mashariki, mita moja ya mraba ya tope ilikuwa na wanyama zaidi ya 100,000, wengi wao minyoo na jamaa wadogo wa kamba, wamesongamana bila kuachiana nafasi. Upande wa magharibi, kwenye kina kinacholingana na katika maji yenye baridi ileile ya kukaribia kuganda, walihesabu elfu chache tu, na jamii hiyo ilifanana zaidi na ile ya vilindi vya bahari kuu kuliko na majirani wake wa ng'ambo.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unalivunja jibu ambalo wengi wetu hulitoa haraka tunapoulizwa kwa nini mnyama fulani yuko hapa na hayuko pale katika bahari za ncha za dunia. Tunasema: ni baridi. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi nikiwaonyesha ramani ya nyuzijoto kana kwamba ndiyo ramani ya viumbe. Lakini pande zote mbili za McMurdo zina baridi ileile, na kitu kinacholingana kote hakiwezi kuwa sababu ya tofauti. Hoja yangu leo ni kwamba baridi huamua nani aruhusiwe kuingia katika bahari hizi. Aliyekwisha kuingia hupangiwa mahali pa kukaa na barafu, chakula na aina ya sakafu, na katika hayo matatu, barafu ndiyo yenye sauti kubwa kwa sababu huyaamulia mengine mawili.

Tuipe kwanza baridi haki yake. Maji ya bahari huganda yanapofika takriban nyuzijoto 1.9 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari inayoizunguka Antaktiki hubaki kati ya kiwango hicho na nyuzijoto moja au mbili juu ya sifuri mwaka mzima. Mnyama wa huko anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa bila kuonja badiliko la nyuzijoto tatu. Uthabiti huo umewafanya wengi wawe wepesi wa kushindwa pale joto linapopanda kidogo. Chaza mmoja mkubwa, Laternula elliptica, huishi akiwa amejifukia topeni. Maji yakifika nyuzijoto mbili au tatu tu juu ya sifuri, wengi wao wakifukuliwa hawawezi kujifukia tena. Kwa mnyama ambaye kinga yake yote ni kuwa ndani ya tope, hiyo ni hukumu ya kifo hata kama joto lenyewe halijamuua.

Baridi hufanya kazi ya bawabu, na anayeijua kazi hiyo kwa uchungu ni kaa. Maji ya bahari yana magnesi nyingi, na magnesi ikizidi katika damu hulegeza misuli na fahamu kama dawa ya ganzi. Kaa wengi huweza kuipunguza maji yakiwa ya vuguvugu, lakini karibu na nyuzijoto sifuri uwezo huo huwaponyoka, na mnyama huzidi kuzubaa hadi ashindwe kuupitishia mwili wake maji ya kutosha kupumua. Matokeo yake ni kwamba sehemu ya kina kifupi ya bahari ya Antaktiki haina karibu kaa yeyote. Papa nao ni haba mno. Kwa kuwa wavunja magamba hawa hawapo, sakafu ya huko imejaa wanyama ambao kwingineko wangeliwa siku ya kwanza: viti vya pweza wembamba wanaokaa juu ya tope mchana kweupe bila kujificha, mayungiyungi ya baharini yaliyonyoosha mikono yao majini, na sifongo warefu kuliko mtu. Watafiti wengi wamesema mandhari hiyo inakumbusha bahari za kale kabla ya wavunja magamba wa leo kuenea.

Hapa kuna jambo la kupindua mazoea. Katika bahari nyingi, maji hupoa kadiri unavyoshuka. Kando ya Antaktiki ni kinyume: maji ya juu, yaliyopozwa na hewa na barafu, ndiyo ya baridi zaidi, na chini yake hupita maji ya kina yaliyotoka mbali, yenye joto la nyuzijoto moja na zaidi. Kwa hiyo kaa wa jamii ya kaa mfalme, ambao huistahimili baridi kuliko kaa wa kawaida, hawakuzuiwa kabisa, wamezuiwa kupanda. Wanaishi kwenye miteremko ya kina kirefu. Mwaka 2010 roboti ya chini ya maji iliwakuta katika bonde la Palmer Deep, ndani kabisa ya eneo la Rasi ya Antaktiki, na hata humo walikuwa chini ya kina cha mita 850 hivi, kana kwamba kuna mstari umechorwa kwenye mteremko. Ukuta unaowazuia ni tabaka la maji baridi lililo juu yao, na ukuta wa namna hiyo unaweza kuyeyuka.

Upande wa kaskazini bawabu yuleyule hulinda mlango kwa manufaa ya kaa. Katika Bahari ya Bering, iliyo kati ya Alaska na Urusi, barafu ya majira ya baridi huacha chini yake tabaka la maji ya baridi, pungufu ya nyuzijoto mbili, linalodumu sakafuni hadi kiangazi. Kaa wa theluji, ambao ni wenyeji wa baridi, hukulia humo wakiwa wadogo, na samaki wakubwa wa jamii ya kodi (kwa Kiingereza, cod) wanaowala hukwepa kuingia. Mwaka 2018 barafu ilikuwa haba kupita kiasi na tabaka hilo karibu likose kutokea. Kati ya mwaka 2018 na 2021 kaa zaidi ya bilioni kumi walitoweka katika eneo hilo, na uvuvi wao ukafungwa kwa mara ya kwanza kwa msimu wa 2022 na 2023. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulielekeza kidole kwenye njaa: maji ya joto zaidi yaliongeza mahitaji ya miili yao, nao walikuwa wengi mno katika eneo dogo, wakakosa cha kula. Angalia basi jinsi tulivyoanza na joto tukaishia kwenye chakula. Ndivyo mambo haya yalivyo kila unapoyachunguza kwa karibu.

Siwezi kuacha suala la joto bila kutaja kiota kimoja, au niseme viota milioni sitini. Mwezi Februari 2021 meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, ilikuwa ikivuta kamera juu ya sakafu ya Bahari ya Weddell, huko Antaktiki, karibu nusu kilomita kwenda chini, ikakuta duara la changarawe na samaki mmoja amekaa katikati akilinda mayai. Kisha duara jingine. Kisha kwa saa kadhaa hakuna kilichoonekana isipokuwa viota, kimoja kando ya kingine, kila kimoja na upana wa sentimita 75 hivi. Makadirio yaliyotolewa ni viota milioni 60 katika eneo la kilomita za mraba 240. Maji ya hapo ni ya nyuzijoto zisizozidi mbili juu ya yale yanayoyazunguka, kwa sababu mkondo wa maji ya kina hupanda kwenye ukingo huo. Mtu angesema nyuzijoto mbili ni nini? Kwa samaki huyu wa barafu, ambaye damu yake haina hata chembe nyekundu, zilitosha kuchora mpaka wa eneo lake la kuzalia.

Sasa turudi McMurdo na swali tuliloliacha. Tofauti ya mashariki na magharibi ni tofauti ya njia ambayo maji yamepita kabla ya kufika. Upande wa mashariki hupokea maji kutoka Bahari ya Ross iliyo wazi, ambako jua la kiangazi huzalisha mwani wa hadubini kwa wingi hadi maji yakabadilika rangi. Upande wa magharibi hupokea maji yanayotoka chini ya bamba la barafu la Ross, barafu inayoelea yenye ukubwa unaokaribia wa Ufaransa, na maji hayo yamekaa gizani muda mrefu bila kuzalisha kitu. Yanafika masafi, yana oksijeni tele, na hayana chakula. Mnyama anayekaa mahali pamoja akisubiri maji yamletee riziki hawezi kujitafutia. Mkondo ukija mtupu, analala njaa.

Karibu kila mnyama wa sakafu ya bahari hutegemea kinachodondoka kutoka juu. Katika bahari za ncha za dunia jambo hilo lina ukali wa pekee, kwa kuwa uzalishaji wote wa mwaka hubanwa ndani ya majuma machache ya mwanga, barafu ya bahari inapoyeyuka. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wanyama wa chini hushiba kiangazi na kufunga majira ya baridi yote. Uchunguzi uliofanyika kwenye tambarare ya bahari iliyo magharibi mwa Rasi ya Antaktiki ulionyesha hali tofauti: mwani unaozama hulala juu ya tope na, kwa kuwa bakteria hufanya kazi polepole katika baridi, huoza taratibu mno, hivyo sakafu hubaki na akiba ya chakula hata miezi ya giza. Majongoo bahari huendelea kula tope katikati ya msimu wa baridi kama kawaida. Baridi, ambayo tulikuwa tukiilaumu kwa uhaba, hapo imegeuka kuwa ghala.

Katika Aktiki, yaani ncha ya kaskazini, kina cha maji hubadilisha hesabu. Bahari ya Chukchi, iliyo kaskazini mwa Mlango wa Bering, ina kina cha mita hamsini hivi katika sehemu kubwa, na kila chemchemi mwani huchanua mapema pembezoni mwa barafu, kabla ya wanyama wadogo wa majini kuongezeka kiasi cha kuula wote. Sehemu kubwa huzama mbichi, na safari ni fupi. Ndiyo maana sakafu ya bahari ya Bering kaskazini na ya Chukchi ina chaza na amfipodi, wale jamaa wadogo wa kamba, kwa wingi wa kuwalisha wanyama wakubwa mno: walrasi, yule jamaa wa sili mwenye meno mawili marefu, ambaye hunyonya chaza kutoka kwenye magamba yao, na nyangumi wa kijivu ambaye hulala ubavu na kunyonya tope zima ili achuje amfipodi. Tena, hata huko utajiri haukuenea sawasawa. Maji yanayopita upande wa magharibi wa Mlango wa Bering yamebeba virutubisho vingi kutoka kina cha Pasifiki, na yale yanayoambaa pwani ya Alaska ni maskini. Wanyama wa chini hufuata mgawanyo huo. Jackie Grebmeier na wenzake wamekuwa wakionyesha jambo hili tangu miaka ya 1980, na ukiiweka kazi yao kando ya ile ya McMurdo utaona ni hadithi moja iliyosimuliwa kwenye ncha mbili za dunia.

Nimesema barafu ndiyo yenye sauti kubwa. Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana ndipo penye utamu wa somo.

Barafu ya kwanza ni ile inayoota chini ya maji. Katika McMurdo maji ya juu hupoa hadi kupita kidogo kiwango cha kuganda bila kuganda, na yakigusa jiwe, au mnyama aliyetulia, hutoa vibamba vyembamba vya barafu vinavyoshikana kama maua ya kioo. Fikiria sifongo mdogo aliyeota juu ya jiwe kwenye kina cha mita kumi. Kibamba cha kwanza kinamshika begani, cha pili kinashika cha kwanza, na kufikia mwisho wa majira ya baridi amefunikwa na kichaka cha barafu kizito kumzidi mara nyingi. Lakini barafu huelea. Siku moja kichaka kizima kinang'oka na kupanda kuelekea juu, pamoja na sifongo, kokoto aliyoshikilia na kiti cha pweza aliyekuwa akipita, na vyote hugandamana na upande wa chini wa barafu ya bahari. Wazamiaji wameviona vikiwa vimening'inia huko juu, sakafu ya bahari ikiwa imegeuka dari.

Dayton na wenzake walieleza, mwishoni mwa miaka ya 1960, jinsi jambo hilo linavyoipanga miteremko ya McMurdo katika matabaka. Kutoka juu hadi mita 15 mwamba ni mtupu, isipokuwa kwa wanyama wanaotembea, kama viti vya pweza na minyoo mikubwa ya utepe, ambao hupanda kiangazi kula na kushuka barafu inaporudi. Kati ya mita 15 na 33, ambako barafu hiyo hufika mara chache, wanakaa anemoni na matumbawe laini, wanaokua haraka na kujitengeneza upya. Chini ya mita 33, ambako barafu haioti, ndiko ufalme wa sifongo. Joto la maji katika matabaka hayo matatu ni lilelile. Mpaka umechorwa na barafu pekee.

Barafu ya pili ni siwa barafu, yaani milima ya barafu inayomeguka kutoka bara na kuelea. Sehemu yake kubwa iko chini ya maji, na mlima ukikwama kwenye kina kinachopungua hulima sakafu kama jembe, wakati mwingine hadi kina cha mita 500. Kwenye kituo cha Rothera cha Uingereza, katika Rasi ya Antaktiki, wazamiaji wamekuwa wakipanga vipande vya zege kwenye sakafu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha wanarudi kila mwaka kuhesabu vilivyopondwa. Ni njia rahisi hadi mtu akaona haya kwamba hakuiwaza yeye. Imeonyesha kwamba katika maji ya kina kifupi kupigwa ni jambo la kila mara, na kwamba barafu ya bahari ya juu, ile inayoganda majira ya baridi na kushikamana na pwani, huishika milima isitembee. Miaka ambayo barafu hiyo hudumu muda mfupi, milima hutembea zaidi na sakafu hupondwa zaidi. Barafu moja, basi, huwakinga wanyama dhidi ya barafu nyingine, na bahari inayopoteza barafu yake ya juu inaweza kwa kipindi fulani kuwa na sakafu iliyochubuliwa zaidi na barafu.

Msidhani kwamba kuchubuliwa ni hasara tupu. Katika Bahari ya Weddell, Julian Gutt na wenzake wamechunguza jinsi makovu ya umri tofauti yanavyolala kando kwa kando: hapa limelimwa mwaka jana na halina kitu, pale wameanza kuota wanyama wa kwanza wanaokua haraka, na mbele kidogo kuna sifongo ambao hawajaguswa kwa karne nyingi. Kipande kimoja kimoja ni maskini, lakini eneo zima lina aina nyingi kuliko lingekuwa nazo kama lingeachwa limezwe na washindi wachache.

Barafu ya tatu ni dari. Mabamba makubwa yanayoelea, yenye unene wa mamia ya mita, hufunika sehemu pana ya bahari inayozunguka Antaktiki, na tuliamini kwamba chini yake, mbali na ukingo, hapawezi kuishi mnyama anayeshikamana na jiwe na kusubiri chakula. Kisha wataalamu wa miamba wa Uingereza walitoboa bamba la Filchner-Ronne kwa maji ya moto, wakapita mita 900 hivi za barafu wakitafuta mashapo ya kuchukua, na chombo chao kikagonga jiwe. Kwao ilikuwa bahati mbaya, kwani walitaka tope. Kamera iliyoteremshwa nayo ilionyesha juu ya jiwe hilo sifongo na wanyama wengine wenye vikonyo, kwenye giza totoro, kilomita 260 kutoka bahari iliyo wazi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2021. Wanachokula hutoka mbali sana, kikibebwa na mikondo. Kwa hiyo dari haiui moja kwa moja. Inapunguza mgao hadi kiwango ambacho ni wachache tu wanaweza kukivumilia, na hao wachache huhitaji jiwe.

Na dari inapoondoka? Bamba la Larsen A lilivunjika mwaka 1995, na Larsen B, lenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 3,000, lilisambaratika mwaka 2002. Sifongo wa kioo walisifika kwa kukua polepole mno. Tuliwasema kama watu wanaohesabu maisha yao kwa karne. Hata hivyo, timu ya Polarstern iliporudi Larsen A mwaka 2011, iliwakuta wameongezeka mara tatu hivi tangu mwaka 2007. Mwanga uliingia, mwani ukaota, chakula kikashuka, na wavivu wakakimbia. Mwezi Januari 2025 kipande cha kilomita za mraba 510 hivi kilimeguka kutoka bamba la George VI, na meli ya Falkor (too), iliyokuwa karibu, ilifika baada ya siku chache na kuteremsha roboti. Walichokiona hakikuwa jangwa linalosubiri wageni: kulikuwa na matumbawe na sifongo wakubwa, ambao kwa ukubwa wao lazima walikuwa wameishi hapo chini ya barafu kwa miongo mingi.

Nimetaja jiwe mara kadhaa, na pengine mnajiuliza kwa nini mtu mzima analisifu jiwe. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari za ncha za dunia ni tope laini. Mnyama anayehitaji kushikamana na kitu kigumu hana pa kuanzia maisha. Ila milima ya barafu, iliyoparua mabara, hubeba mawe tumboni mwake, na inapoyeyuka huyaachia popote ilipofika. Jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto likitua juu ya tope kwenye kina cha mita 2,000, huwa kisiwa. Tazama picha zake kutoka Mlango wa Fram, kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard vya Norwei, ambako Taasisi ya Alfred Wegener imekuwa ikichunguza vilindi tangu mwaka 1999: juu kabisa, ambako maji hupita kwa kasi kidogo zaidi, kuna anemoni na sifongo; ubavuni kuna vijumba vya minyoo; na pembeni, pale mkondo unapokatika, tope limejikusanya na wanyama wengine wamejipatia kivuli. Hatua moja kutoka hapo, wote hao hawapo. Ramani yoyote ya nyuzijoto, ya chumvi au ya kina ingeonyesha mahali hapo na pale jirani kuwa kitu kimoja.

Kinyume cha jiwe ni vumbi la mwamba linalosagwa na barafuto, ile mito ya barafu inayoteremka kutoka nchi kavu. Katika fiodi za Svalbard, yaani ghuba ndefu nyembamba, kama Kongsfjorden, ukikaribia mdomo wa barafuto maji hugeuka kama maziwa ya kahawia, na wanyama wanaochuja chakula hupungua kwa sababu michujio yao huziba. Wanabaki wadogo wanaotambaa na kula tope. Katika ghuba ndogo ya Potter Cove, kwenye kisiwa cha King George huko Antaktiki, barafuto ilirudi nyuma na kumwaga mashapo, na asidia, wanyama wa mfano wa mfuko waliokuwa wametawala sakafu, walipungua sana kati ya miaka ya 1990 na 2010. Joto la maji ya ghuba hiyo halikuhitaji kubadilika sana.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Penye maji ya kina kifupi na barafu inayoondoka mapema, mwani mkubwa huota na kuwafukuza wanyama wa gizani. Bjørn Gulliksen alianza mwaka 1980 kupiga picha miamba ileile ya Svalbard, na picha hizo zilinasa mwani ukiongezeka ghafla katikati ya miaka ya 1990 huko Kongsfjorden, baada ya miaka mingi ya utulivu. Badiliko halikuja taratibu sambamba na joto. Lilikuja kama mlango uliofunguliwa kwa kishindo.

Ninayasema haya kwa sababu wengi wenu mtaajiriwa kuchora ramani. Siku hizi mtu hukusanya vipimo vya setilaiti na rekodi za meli, huviweka kwenye kompyuta, na kompyuta humwambia ni wapi mnyama fulani anapaswa kuwa. Ramani hizo ndizo zinazopelekwa mezani mipaka ya hifadhi inapojadiliwa, kama ile ya Bahari ya Ross, ya kilomita za mraba milioni 1.55, iliyoanza kutumika mwezi Desemba 2017. Ninaziheshimu. Lakini rekodi nyingi zimekusanywa kiangazi, karibu na vituo, na meli zinakoweza kupita. Wastani wa joto hauonyeshi usiku mmoja wa barafu inayoota. Na kisanduku cha kilomita kumi kwa kumi hakina nafasi ya jiwe. Mtu akiniletea ramani inayosema mnyama yuko pale kwa sababu ya joto, nitamwuliza maji hayo yametoka wapi, barafu ilipita lini, na chini pana nini.

Na kuna swali la nne, hapo zamani palikuwa na nini, ambalo nililijifunza kutoka sehemu moja ya Aktiki. Kwenye latitudo 87 kaskazini, katika mlima wa chini ya bahari uitwao Karasik, maji yamefunikwa na barafu daima na chakula kinachodondoka ni kidogo mno. Kwa vipimo vyote nilivyovitaja, mlima huo ungepaswa kuwa karibu mtupu. Mwaka 2016 Polarstern ilivuta kamera juu ya kilele chake na kukuta bustani ya sifongo wa jenasi ya Geodia, wengine wenye upana wa mita moja, na umri wao wa wastani ulikadiriwa kuwa miaka 300. Nyuma ya baadhi yao kulikuwa na njia za sindano ndogo walizoacha, dalili kwamba viumbe hawa tuliowaita wasiotembea walikuwa wamejikokota. Chini yao kulikuwa na zulia la vijumba vitupu vya minyoo waliokufa maelfu ya miaka iliyopita, wakati mlima huo wa volkano ulipokuwa bado ukitoa gesi zilizowalisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sifongo hao, wakisaidiwa na bakteria wanaoishi miilini mwao, wanakula mabaki hayo. Gesi zilikwisha kitambo, minyoo imekwisha, na hakuna chombo kinachoweza kuzipima leo kwenye maji yale. Ila sifongo wamekaa pale zilipokuwa, na wanaendelea kutafuna.

Asanteni kwa kunisikiliza.